Salma Alikuwa Akikungoja Barabarani

Mtani wangu Zuhura,

Leo ni Jumamosi na mvua imekamata tangu asubuhi. Nimekaa ofisini kwa walimu peke yangu, kwa sababu nyumbani hakukaliki. Upande wako wa nyumba umefungwa. Mjomba wako alikuja na vijana wakabeba kitanda, makochi na vyombo, lakini pazia la dirishani wakalisahau, na upepo ukivuma linatikisika kama kuna mtu anachungulia. Kwa hiyo nakimbilia huku. Nasahihisha madaftari, nachaji kishikwambi kwenye sola, naangalia mawingu yanavyoshuka kwenye migomba. Walimu wenzetu ni watu wema. Wananisalimia, wananiuliza kama nimekula. Ila hakuna wa kunitukana, Zuhura. Nimekaa miezi yote hii bila kutukanwa na mtu anayenipenda.

Nimeona nikuandikie. Najua barua hii haina pa kwenda. Lakini kuna jambo limetokea hapa shuleni, na mtu wa kuambiwa jambo hilo ni wewe tu.

Unakumbuka siku niliyoripoti Kinole? Barabara ilikuwa imekatika, bodaboda akaniteremsha huko chini kwenye daraja, nikapanda na sanduku langu begani mpaka hapa uwanjani. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni pa darasa la tatu na chaki mkononi. Hukunikaribisha wala nini. Ulipiga makofi ukapaza sauti, "Haya, Mnyamwezi kaleta mzigo! Mwambieni kafika pwani, mpeni na ujira wake!" Watoto wote wakacheka. Mimi mgeni, nina jasho, nina matope hadi magotini, nikasema moyoni, Mluguru huyu nitamkomesha. Jioni ile ile ukaniletea ndizi na maharage, ukaketi kizingitini kwangu hadi nikamaliza kula. Wazee wetu, tangu enzi za wapagazi, walituwekea utani kabla hatujazaliwa, na sisi tukautumia wote.

Ndiyo maana msibani kwako walinitazama mimi. Mtani kazi yake inajulikana: amuige marehemu anavyotembea, amseme, adai alichokuwa anamdai, hadi wafiwa wasahau kulia japo kidogo. Shangazi yako alinisogelea pale kwenye mkeka akaninong'oneza, "Mtani, sema neno." Nikafungua mdomo. Halikutoka neno, Zuhura. Nikainuka nikaenda jikoni nyuma ya nyumba, nikakata vitunguu vya watu wote.

Sasa nikuambie ya mafunzo.

Majina yetu mawili yalikwishakwenda. Mafunzo ya TEHAMA kwa walimu, kila shule walimu wawili, wiki nzima mjini Morogoro. Ulijifanya hujali. "Mimi nakwenda kula chipsi mayai," ukasema, "wewe usome, ukirudi unifundishe." Kumbe ulikuwa na hamu kuliko mimi. Ulimtangazia kila mtu: muuza vitumbua, wenye bodaboda, mpaka watoto wa darasa lako. Halafu ikaja likizo fupi, kichwa kikakuuma, ukasema ni jua. Ukaamkia zahanati, zahanati wakakupeleka mjini, na kutoka mjini ulirudi umefunikwa. Shule ilipofunguliwa, Mwalimu Mkuu alinikabidhi darasa la tatu juu ya darasa langu la nne. Na aliponiuliza kama niende mafunzoni au apeleke mwingine, nikamwambia nitaenda. Nilitaka kuondoka tu. Popote.

Siku ya kwanza ukumbini wakaita majina. Wakaita la kwangu, nikaitika. Wakaita la kwako. Hakuna aliyekuwa amelifuta. Mkufunzi, dada mmoja kijana, mpole, aliinua macho akaangaza ukumbi wote. Akarudia jina lako. Nikasema, "Hayupo." Akaniuliza, "Atakuja kesho?" Watu wote wamenigeukia, na mimi sikuweza kulisema lile neno mbele ya wageni. Nikasema, "Haji." Akaandika kitu, akaendelea na jina linalofuata.

Kila kitu kilikuwa cha wawili wawili. Meza moja walimu wawili, zoezi moja walimu wawili, mmoja ashike kishikwambi, mwenzake afuate maelekezo. Wa Mgeta walikuwa wakigombana kama mume na mke, huyu anasema bonyeza hapa, yule anasema utaharibu. Wa Mlali walikuwa wakicheka tangu chai ya asubuhi. Mimi nilikaa na kiti kitupu ubavuni, mkoba wangu nimeuweka juu yake ili kisionekane kitupu sana. Wakati wa chakula nilichukua sahani nikaenda kukaa nje, upande unaoelekea mlimani. Ukiwa mjini, Zuhura, milima yetu inaonekana kama kitu kimoja kikubwa cha bluu kilicholala. Huwezi kujua kwamba ndani yake kuna shule, na barabara, na kaburi.

Nisikudanganye, mengi yalinipita. Walitufundisha kutafuta vitu mtandaoni, na mimi nikawaza pale kwetu ambapo ili upate mtandao lazima upande kwenye jiwe lililo nyuma ya vyoo. Walitufundisha projekta, na sisi umeme hatuna. Nilikuwa karibu kufunga masikio. Kisha yule mkufunzi akasema jambo moja likanikamata. Alisema kishikwambi hakifundishi mtu, mwalimu ndiye anayefundisha. Tuanze kwa kumfikiria mtoto mmoja ambaye sauti zetu hazimfikii darasani, tujiulize tufanye nini ili somo limfikie. Wenzangu wakafikiria watoro, wakafikiria wanaokaa nyuma. Mimi nilimfikiria mtoto ambaye sauti haimfikii kweli.

Salma wako.

Najua ulivyokuwa naye. Kabla yako alikuwa anakaa pembeni akichora kwa kidole mavumbini, na watu wakasema kiziwi haelimishiki. Wewe ukaanza naye mikono. Hamkuwa na kitabu wala mtaalamu, mlitunga wenyewe, leo alama ya mvua, kesho alama ya fenesi, mpaka akawa anasoma na kuhesabu kama wenzake. Mimi ile lugha yenu nilikuwa naiona kama mchezo wenu wawili. Nilikuwa napita na madaftari yangu, nawakuta mnacheka bila sauti, nami naendelea na safari.

Tulipoambiwa tutoke tukapige picha za kitu tutakachokitumia darasani, wenzangu walikwenda sokoni, wengine wakapiga miti na magari. Mimi miguu ilinipeleka hadi kwenye geti la hospitali uliyofia. Nikasimama ng'ambo ya barabara. Nikapiga picha moja. Sikujua ya nini.

Wakatufundisha pia kupanga picha zifuatane, moja baada ya nyingine, ili zisimulie jambo bila maneno, na zifunguke hata bila mtandao. Hilo nililishika vizuri. Siku ya mwisho wakatupa vyeti na vishikwambi vya shule, na cheti chako, kilichokwisha kuchapwa, wakanipa nikuletee. Kiko hapa kabatini.

Sasa ndiyo nafika penyewe.

Siku niliyokuwa naondoka kwenda mafunzoni, Salma alinikimbilia pale kwenye bodaboda. Akanipa mdalasini, magome mazuri, ameyafunga kwenye jani la mgomba. Akagusa shavu lake kwa kidole, hapa, karibu na pua, akanionyesha barabara inayoshuka. Nikadhani ananiambia safari njema. Nikamshika kichwa, nikamshukuru, nikapanda. Na mdalasini ule, Zuhura, niliutia kwenye chai kule mjini, kila asubuhi.

Niliporudi alikuwa kwenye kona ile ya juu ya kisima. Bodaboda haijasimama, kashafika. Aliukamata mkoba, akauona ukingo wa kishikwambi, uso wake ukang'aa wote. Halafu akatazama nyuma yangu. Akatazama barabarani, kule nilikotoka. Akagusa shavu tena. Akanitazama. Akagusa shavu mara nyingi, haraka haraka, na mimi nimesimama natabasamu kama mjinga kwa sababu sielewi. Akauachia mkoba. Akapanda njia ya kwao bila kugeuka.

Kesho yake hakuja shule. Wala kesho kutwa. Juma likaisha.

Nikapanda kwao. Unaijua ile njia, katikati ya mikarafuu, utelezi mtupu. Nikamkuta bibi yake anaanika pilipili manga uani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Umemfuata huyu?"

Salma alikuwa ndani, amelala kifudifudi kwenye mkeka. Hakuinuka.

"Hali chakula vizuri tangu uliporudi wewe," Bibi akasema. "Alikuwa akimngoja mwalimu wake. Kila siku ananiambia, mwalimu kaenda mjini kuchukua kile kioo cha kusomea, atakuja nacho. Sasa kioo kimekuja, mwalimu hakuja."

Nikamuuliza anamwambiaje. Bibi akaweka kidole shavuni, karibu na pua. "Si ndiyo Zuhura huyu? Kile kidoti chake."

Nikakaa chini, Zuhura. Nilikaa pale pale kwenye udongo. Kidoti chako. Miaka yote nimekitazama hicho kidoti nikikutania kwamba ni nzi aliyekufia usoni. Mtoto alinipa mdalasini nikupelekee wewe. Aliniambia kabisa, kwa jina lako, na akanionyesha na njia.

Wakati unaumwa, Salma alikuwa kwa mama yake mdogo Mkuyuni. Tulipokuzika alikuwa huko huko. Aliporudi, shule imefunguliwa, wewe hupo; na wewe mwenyewe ulikwishamwambia kwa mikono yako kwamba baada ya likizo utakwenda mjini, utarudi na kishikwambi. Kwa hiyo hakuhuzunika. Sisi tulipokuwa tunalia, yeye alikuwa anangoja. Tulimwona kila jioni kwenye ile kona, tukasema maskini mtoto ana majonzi.

"Kwa nini hukumwambia, bibi?"

Akaninyooshea mikono yake, myeusi kwa pilipili. "Ningemwambiaje, mwanangu? Hii inajua njoo ule, nenda kalale, chota maji. Hilo jingine haijui."

Na ya kwangu haikujua hata hayo.

Niliteremka bila kusema naye. Njiani nikawa nafikiria picha. Bibi alikuwa ameniambia jambo moja zaidi wakati ananisindikiza: babu yake Salma amezikwa nyuma ya nyumba, na Salma alikuwepo, aliona kila kitu, na hadi leo anapalilia pale na kumwagia maji maua. Kaburi analijua. Anajua aliyeingia humo harudi.

Basi nikaanza kazi. Nikachukua kwenye simu yangu picha yenu ya siku ya kufunga shule, wewe umevaa lile gauni la kitenge cha njano, naye Salma amekuegemea. Nikaenda zahanati nikapiga benchi la nje. Nikapiga barabara inayoshuka. Geti la hospitali lilikuwamo tayari. Nikapiga mlango wako na kufuli lake. Nikaomba ruhusa kwa Bibi nikapiga kaburi la babu. Kilichobaki ni kaburi lako, na mimi sikuwa nimewahi kufika, siku ile wanawake tulibaki nyumbani. Nikaenda kwa mjomba wako. Nilimweleza yote, nikamwambia mimi ni Mkristo, na mwanamke, sijui kama inafaa. Alinisikiliza mpaka mwisho akavaa viatu vyake. "Twende," akasema. "Mtoto aonyeshwe."

Mwalimu Mkuu hakupenda. Aliona zile picha akasema, "Mwalimu Nyamizi, hivi vishikwambi vimeletwa kwa masomo. Makaburi ni somo gani?" Nikamjibu kwamba ni somo la mtoto mmoja. Akatoka ofisini akaniachia ufunguo wa kabati.

Nilizipanga zifuatane kama nilivyofundishwa. Somo langu la kwanza la kidijiti, mtani, lilikuwa kifo chako.

Nikapanda tena. Nikakaa naye mkekani, Bibi upande wa pili. Alipoona picha yenu akacheka, akagusa shavu. Nikagusa shavu langu na mimi, kumwambia ndiyo, ni yeye, tunamzungumza yeye. Nikakiweka kidole chake juu ya kioo asogeze mwenyewe. Benchi la zahanati: nikashika kichwa, nikakunja uso. Barabara. Geti, na watu wenye makoti meupe wanapita. Akawa anaitikia kwa kichwa, anaelewa, umeumwa, umepelekwa. Mlango wenye kufuli. Kaburi la babu. Hapo akasita, akamtazama bibi yake. Akasogeza tena.

Alilitazama kaburi lako muda mrefu. Lilikuwa bado udongo mwekundu, halijaota kitu. Akarudisha nyuma kaburi la babu, akaleta lako, akarudisha, akaleta. Kisha akarudi mpaka mwanzo, kwenye gauni la njano, akaanza upya yote, taratibu, mpaka mwisho. Na mwisho akanigeukia akagusa shavu, akageuza kiganja kikatazama chini, akakilaza juu ya mkeka. Ananiuliza. Nikagusa shavu. Nikakilaza kiganja changu kando ya chake.

Sauti aliyotoa sijawahi kuisikia, na yeye mwenyewe hakuisikia. Bibi alimvuta kifuani. Nami nikalia, Zuhura, kilio nilichoshindwa kulia siku ile nakata vitunguu vya watu, maana siku ile machozi yalikuwa ya vitunguu.

Siku iliyofuata tulikwenda kaburini, sisi watatu na mjomba wako. Salma alichuchumaa akakusimulia mambo. Alisimulia kwa mikono hadi mabega yakachoka. Mengi sikuyaelewa. Lakini nikaona kila baada ya muda anafanya alama moja, anainua mikono miwili juu ya bega, anainamisha kichwa, anajikongoja kama mtu aliyelemewa. Nikamuuliza Bibi, hiyo ni nini? Bibi akafunika mdomo na khanga.

"Ni wewe, mwalimu."

Mbeba mizigo! Hilo ndilo jina ulilonipa kwa mtoto! Miaka yote mnacheka bila sauti, napita na madaftari yangu, kumbe ndio mnanisema! Nilicheka pale kaburini hadi mjomba wako akageuka pembeni kuficha meno yake. Nikakutukana, Zuhura. Nilikutukana wewe na kidoti chako na mlima wenu wote usio na barabara. Mjomba akasema, "Sasa ndiyo msiba umepata mtani."

Salma amerudi shule. Nimemwomba anifundishe. Tunakaa darasani baada ya vipindi, yeye anaonyesha alama, mtoto mwenzake anashika kitu chenyewe, fenesi, jembe, jani la mdalasini, nami narekodi. Darasa zima limeanza kuzungumza kwa mikono. Wananipigia kelele hizo za kimya nikigeukia ubao. Nazihifadhi zote ili mwalimu yeyote atakayeletwa asianze kwenye vumbi kama wewe. Lakini najua mchezo wetu hautoshi. Kuna shule ya bweni yenye kitengo cha watoto viziwi, wana walimu wa lugha ya alama yenyewe, ile inayoeleweka nchi nzima. Bibi amekubali aende mwaka mpya unapoanza, kwa sharti kwamba nimpeleke mimi mwenyewe. Mwalimu Mkuu amemwandikia barua ya kumwombea nafasi. Aliiandika bila kuombwa.

Wanasema hongera. Wanasema mafunzo yamezaa matunda, wanataka niende kata nikawaeleze walimu wengine. Nitakwenda. Nitasimama mbele yao nieleze kwamba kitu kile kinasaidia, na kwamba hakisaidii kama hujamtazama mtoto machoni. Halafu nitarudi hapa. Na Salma akiondoka, nitabaki hapa bila mtu ambaye kwake mimi ni yule mwenye mzigo begani. Hilo siwaelezi. Nakueleza wewe.

Mvua imepungua. Nasikia maji mtoni chini, yamejaa. Lazima nikapike kabla kuni hazijalowa zaidi.

Kwa heri, mtani. Sijui kwa Waislamu mnaagaje mtu aliyelala. Naomba Mungu wako na wangu akupe pumziko jema. Ninakuahidi jambo moja. Nitakapomfikisha Salma kule shuleni, sitaponyoka getini kimya kimya wakati anapangiwa kitanda, kama wazazi wengi wanavyofanya kukwepa machozi. Nitamkalisha chini. Nitajifunza alama zote zinazohitajika, hata ikinichukua usiku na mchana mpaka siku hiyo, nimwambie ninakwenda wapi, na nitarudi lini, aniulize tena na tena mpaka aridhike. Halafu ndiyo niondoke, anione ninavyoondoka. Na siku niliyomtajia ikifika, niwe nimesimama getini kabla hajatoka yeye.

Mimi wako,
Nyamizi